Nyama ya Tano katika Paja la Mwamba

Ninyi mnaotaka kuvaa blauzi nyeupe, wajukuu wangu, nasikia mnaulizana ni shule gani ya uuguzi inafundisha vizuri na ipi inafaulisha kila mtu. Ulizaneni. Lakini kwanza kila mmoja aweke kiganja juu ya paja lake, abonyeze. Unasikia nini? Nyama. Unadhani unaijua kwa sababu ni yako, umetembea nayo tangu ulipoacha kutambaa. Huijui. Mimi nimefanya kazi katika chumba cha upasuaji hapa Likasi tangu nikiwa mama wa watoto wadogo mpaka nikawa nkambo, bibi yenu. Nimeona mapaja mengi yakifunguliwa, na kila lilipofunguliwa moja niliogopa upya.

Mtu akiwaambia kwamba kazi hii ukiizoea woga unakwisha, mtu huyo msimpe hata wembe wa kukatia kucha.

Sikusoma. Darasa la nne, basi. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na wasichana wa nyumba yetu walisoma mpaka walipojua kuandika jina lao, kisha sufuria ziliwaita. Hospitalini niliingia kwa mlango wa nyuma, upande wa kufulia. Nilipewa mashuka ya damu. Hapo nilijifunza jambo la kwanza, nawapa bure: damu inafuliwa kwa maji baridi. Ukitia maji ya moto umeipika, haitoki tena mpaka Yesu arudi. Kutoka kufulia nikapelekwa kuchemsha vyombo, na kutoka kuchemsha nikaanza kuvipitisha kwa daktari, kwa sababu waliosomea walikuwa wanaondoka mmoja mmoja kwenda Lubumbashi, na mikono ya kupitisha ilikuwa haitoshi. Chumba chenyewe cha upasuaji tulikiita blok. Humo sikuitwa muuguzi, niliitwa Mama Kapinga, na ilitosha.

Aliyenifundisha alikuwa daktari mmoja mfupi, mkimya, ambaye sote tulimwita Dokta Polepole, hata mbele yake. Chai aliinywa polepole. Mikono aliinawa kama mtu anayejiandaa kwenda kuposa. Jamaa za wagonjwa walichungulia mlangoni wakikasirika: "Huyu munganga iko nanawa mpaka wakati gani? Muntu iko nakufa!" Yeye hakugeuka. Alifundisha wakati wa kunawa, kwa sababu akishashika kisu hakutaka maneno.

"Mama Kapinga," aliniambia siku moja, povu limemfika viwikoni, "kitabu kinachora paja ya muntu moja. Ule muntu, weye unamujua?"

"Hapana, Dokta."

"Na minye simujui. Basi huyu mwenye kulala pale, tusimufungue sawa vile tunafungua ule wa kitabu."

Siku hiyo nilidhani ni mzaha. Nilikuja kuelewa kwa sababu ya mwanafunzi mmoja.

Alikuwa kijana mrefu aliyekuja kwetu kujizoeza udaktari, na baba yake alikuwa anauza nyama ya mbuzi katika soko la Kikula. Alijisifu kwamba paja analijua tangu utoto, kwamba alipasua mapaja ya mbuzi kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Na kweli, mikono yake ilikuwa myepesi. Akaletwa mzee mmoja mwenye jipu la paja, limejificha ndani sana, na Dokta akamwachia kijana afungue, yeye mwenyewe akiwa kando yake.

Sasa sikilizeni. Kuna ukanda mrefu wa nyama unaokatiza mbele ya paja, unaanzia kwenye nyonga, unashuka kwa mshazari mpaka upande wa ndani wa goti. Waganga wanauita nyama ya fundi cherehani, kwa sababu ndio unaokukunjia mguu ukikaa chini kama mafundi wa zamani. Kwa daktari ukanda ule ni kama ukuta wa jirani: akishauona anajua njia kubwa ya damu inapita chini yake, naye anakaa upande wake. Kijana aliuona, akausukuma kando, akasema, "Ni hapa," akaingia na ncha ya mkasi. Lakini yule mzee alizaliwa na kanda mbili. Aliouona kijana ulikuwa ule wa ziada. Wa kweli ulikuwa umesogea, na njia ya damu ilikuwa imelala mahali ambapo mbuzi wote wa Kikula hawana kitu. Damu ilipanda ikapiga taa.

Dokta aliweka kidole. Sijui alikiweka vipi haraka namna ile, mtu wa polepole. Kidole kikakaa palepale, na kijana akaanguka sakafuni kama gunia la makaa, tukawa na wagonjwa wawili. Mzee alipona. Kijana naye alipona. Leo ni daktari mahali fulani, na nasikia ananawa mikono mpaka jamaa za wagonjwa wanakasirika.

Tangu siku hiyo nilijifunza kusikiliza pumzi ya Dokta. Akiwa anavuma wimbo wa kanisani chini ya kitambaa cha mdomo, tulia. Akinyamaza, shika kompresi, vile vitambaa vya kunyonyea damu, uvisogeze karibu na mkono wake kabla hajaomba. Akisema "Aa", usipumue. Nilijifunza pia kwamba kamba yoyote unayoiona ndani ya mtu, nyeupe au nyekundu, nyembamba kama uzi wa kushonea gunia, haikatwi mpaka ijulikane inatoka wapi na inakwenda wapi. Tena jueni kwamba paja ni mnafiki. Mkono ukikatika unaona damu. Paja linaweza kumeza damu ya kumtosha mtu kufa, na sakafu yako ikabaki kavu, na wewe unajisifu kwamba kazi ni safi.

Sasa nije kwa Mwamba, kwa sababu ndiye anayenifanya niandike.

Mwamba alikuwa krezeri, mchimbaji wa mkono, kule Kamatanda. Udongo ulimwangukia asubuhi, mfupa wa paja ukavunjika ndani ya ngozi. Wenzake walimleta juu ya mlango wa nyumba walioung'oa. Nyuma yake alikuja mama yake, Mama Ngalula, viatu vyake mkononi, na nyuma ya mama alikuja mke wake, Bibiche, ambaye alikuwa anauza michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, pale Kikula na alikuwa bado ananuka moshi. Paja la kijana lilikuwa limevimba mpaka ngozi inang'aa. Dokta aliliangalia, akagusa vidole vya mguu, akakuta vimeanza kupoa. "Tunafungua," alisema. Alinawa, polepole.

Mbele ya paja, wajukuu wangu, kuna nyama nne zinazoshuka pamoja na kushika goti. Hizo ndizo zinazokunyanyua kutoka kwenye kiti. Ili kufikia mfupa, daktari anapita kati yao, kwenye mwanya, bila kuzikata, kama mtu anayepita kati ya vitanda vya watoto waliolala. Dokta aliingia kwa upande wa nje. Alikuwa anavuma. Akafika kwenye mwanya, akauvuta ukafunguka, na damu nyeusi iliyokuwa imejificha humo ikamwagika. Hiyo tuliitegemea. Kisha ikafuata nyekundu. Hiyo hatukuitegemea.

Akanyamaza.

"Huu mwanya si wenyewe," alisema. Hakuwa anasema nasi. "Hapa kuna ingine." Akaingiza kidole, akakizungusha taratibu sana, macho yake yakaenda juu kwenye dari kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. "Iko na ya tano. Katikati ya ile ya inje na ile ya chini, kuna ingine. Na njia ya damu yake njo imekatwa na mufupa. Sioni. Mama, kompresi."

Nikampa. Akaomba tena. Nikampa. Taa ilififia mara moja, ikarudi. Niliangalia uso wa Mwamba umekuwa rangi ya majivu, na aliyemlaza usingizi akasema kwamba mapigo yanakimbia. Dokta alikuwa na mkasi mkononi, na mbele ya ncha ya mkasi niliona uzi mweupe unapita juu ya ile nyama ya ziada. Naye aliuona. Mkono wake ulisimama hewani, kisha akaurudisha mkasi kwenye trei yangu.

"Nikiendelea bila kuona, nitakata kitu yenye itamunyima kutembea, ao nitamuua hapa hapa. Tunajaza, tunafunga, tunarudi kesho na damu ya kumupa na mwanga muzuri."

Basi tukajaza. Vitambaa vikashindiliwa ndani ya paja mpaka damu ikakubali kusimama. Mkia wa kitambaa cha mwisho ukaachwa nje ya jeraha kidogo, ili mkono wa kesho ujue pa kuanzia. Mguu ukafungwa kamba na mfuko wa mawe ukining'inia mwisho wa kitanda, ili mfupa usirudi ukakata tena. "Musikilize bote," Dokta alisema. "Hivi bitambaa bikikaa sana binaoza naye. Na muntu mwenye hajui akibivuta, damu inarudi, na hatutaifikia."

Sote tulisikia. Hata Papa Donat, msukuma machela, alisikia.

Papa Donat hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda kufurahisha watu. Mama Ngalula alimshika shati ukumbini: "Papa, mutoto yangu iko namna gani?" Naye, kwa huruma yake, akatafuta neno tamu.

"Usilie, Mama! Mutoto yako ni chuma! Munganga anakuta mu paja yake nyama moja ya zaidi. Bantu bote beko na nne, yeye iko na tano!"

Mama Ngalula aliacha kulia palepale. Papa Donat akadhani amefanya kazi nzuri.

Mnajua wenyewe namna gani tunaishi hapa, sina haja ya kujificha. Kwetu nyama si chakula tu. Wanasema muloji, yaani mchawi, anakupa kipande cha nyama, unakula, hujui ni nyama gani, na siku moja anakuja kukudai nyama yake, na ya kumrudishia ni mtu. Sasa mama anaambiwa kwamba ndani ya paja la mwanawe kuna nyama ambayo haikupaswa kuwa humo. Na mke wa mwanawe anauza nini? Nyama.

Asubuhi iliyofuata niliingia wodini nikakuta vitanda vya jirani vimesogezwa mbali na kitanda cha Mwamba. Vimesogezwa wazi, hata mistari ya miguu ya vitanda inaonekana sakafuni. Bakuli la Bibiche lilikuwa chini ya kitanda, limefunikwa, halikuguswa. Mwamba alikuwa na homa, macho yamefunguka nusu. Nikamuuliza Bibiche kuna nini, akasema, "Mama-mukwe anasema nisimulishe tena. Anasema minye njo nilimuwekea ile nyama." Nikatoka kumtafuta Papa Donat, nikamkuta anakunywa maji, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika mbele yenu.

"Lakini nilimusifu!" alilia. "Mama Kapinga, nilimusifu tu!"

Jambo la blok halitoki na machela, wajukuu wangu. Linatoka na daktari, na linatoka na maelezo yake yote. Ukilitoa nusu, watu watalimalizia wenyewe, na watalimalizia kwa kile wanachokiogopa.

Nilikuwa nimeshika beseni wakati Bibiche aliponijia mbio, kitenge kimefunguka. "Mama Kapinga! Mama-mukwe na bandugu banamubeba! Banafungula kamba, banatoa mawe, banamwambia mulinzi beko namupeleka kumupiga radio!" Mlinzi alikubali, kwa sababu mashine yetu ya radio, ile ya kupiga picha za mifupa, ilikuwa imekufa siku nyingi, na watu walikuwa wanabeba wagonjwa wao kwenda kupigiwa mahali pengine. "Banaenda naye Kamatanda, ku chumba ya maombi!"

Nilisukuma mlango wa blok. Dokta alikuwa anamtoa mtoto tumboni mwa mama, mikono yake ndani. Nikamwambia. Hakuinua kichwa.

"Siwezi toka, Mama."

"Najua."

"Bitambaa biko ndani."

"Najua, Dokta."

"Basi enda. Umulete kabla hawajagusa."

Nikapanda pikipiki ya kukodi, bado nimevaa blauzi yangu, Bibiche nyuma yangu. Nilimwambia abaki barabarani, wasije wakamfanyia vibaya. "Minye siwezi baki, Mama," akasema, "ni bwana yangu." Tukaenda. Niwaambie ukweli wa safari ile. Sikumuogopa pasta wa chumba kile wala ndugu za Mwamba. Niliogopa mashimo ya barabara kwa ajili ya lile paja lililotangulia mbele yetu, kila shimo tulilopita nilijua nalo limepita. Na niliogopa kitu kingine. Mimi pia nimelelewa humuhumu. Niliwaza: na kama mama huyu anasema kweli? Nilijua nilichokiona ndani ya jeraha, nyama nzuri, nyekundu, yenye uzi wake na njia yake ya damu, si kitu kilichooza wala kutupwa humo. Lakini swali lile nilifika nalo.

Chumba cha maombi kilikuwa cha matofali yasiyopakwa, bati juu, joto kama tanuru. Mwamba alilazwa kwenye mkeka. Wanawake walikuwa wanaimba. Pasta, kijana mwembamba mwenye tai na chupa ya mafuta, alikuwa anatoka jasho, na nilipomtazama machoni nikaona kwamba na yeye anaogopa. Walikuwa wamefungua bendeji. Na ule mkia wa kitambaa, umelowa damu, ulikuwa unachungulia nje ya jeraha.

"Muone!" Mama Ngalula alipiga kelele. "Njo ile! Iko natoka! Jina ya Yesu, iko natoka!"

Mjomba wa Mwamba, mtu mwenye mabega ya kuchimba, alikuwa amepiga magoti. Alikuwa ameshauzungusha ule mkia kwenye vidole vyake.

Sikupiga kelele. Mtu aliyeshtuka anavuta. Nilikwenda, nikaketi palepale kwenye sakafu, magoti yangu ambayo hayapendi sakafu, nikamshika kifundo cha mkono kwa vidole vyangu vyote.

"Baba," nikamwambia, "ukivuta, huyu mutoto anakufa kabla nisimame. Fungula vidole."

"Weye ni nani?"

"Ni minye nilikunja hii kitambaa. Na hii mikono." Nikatoa mfukoni mwa blauzi kompresi nyingine, safi, nikaikunjua mbele ya uso wake. "Angalia nyuzi. Angalia ile yenye uko nashika. Si ni moja?"

Aliangalia. Wimbo ulikuwa umepungua, sauti moja tu ya nyuma ilikuwa bado inaendelea. Vidole vyake vikafunguka, kimoja, kingine. Nikaweka kiganja changu juu ya jeraha na sikukitoa tena.

"Kitambaa, sawa," Mama Ngalula alisema. Alikuwa amesimama juu yangu. "Na nyama? Munganga mwenyewe anaiona. Papa wa machela anasema. Nyama ya zaidi inatoka wapi?" Akageuka mlangoni, aliposimama Bibiche. "Mumuulize ule! Mumuulize anamulisha nini!"

Watu wakageuka wote. Bibiche hakurudi nyuma, lakini nilimwona anashika ukuta.

Sikusema buloji haiko. Mpaka leo siwezi kusema, na kama ningesema pale wasingenisikiliza tena. Nikasema tu, "Mama Ngalula, lete mikono yako."

"Ya nini?"

"Lete. Unganisha kidole gumba na kile kidogo cha mwisho. Sasa kunja kiganja kidogo, hivi, kikutazame."

Ni Dokta aliyenionyesha siku moja kwenye beseni la kunawia. Jaribuni na ninyi. Katikati ya kifundo, upande wa ndani, kamba inasimama chini ya ngozi. Kwa watu wengine inasimama, kwa wengine haipo kabisa, na wote wanapika, wanafua, wanapiga watoto, hakuna anayejua. Mama Ngalula alifanya kwa mkono wa kulia. Kamba ikasimama, imara kama kamba ya kuanikia nguo. Akafanya kwa mkono wa kushoto. Hakuna kitu. Akajaribu tena, akakaza vidole. Ngozi ilikuwa laini, tupu.

"Hii ya kushoto," nikamuuliza, "nani aliikula?"

Alikuwa anaangalia mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Nyuma yake wanawake wa kwaya walikuwa wameacha kuimba, wameshaanza kuunganisha vidole. "Minye iko yote mbili!" "Minye kulia tu!" "Lete nione, dada!" Mjomba akajaribu, akasonya. Na pasta, sikumuuliza, aliweka chupa chini, akajaribu, akainua mikono yote miwili.

"Na minye, Mama," alisema polepole, "haiko. Pande zote mbili."

"Ee, Pasta!" mwanamke mmoja akasema. "Basi weye banakukula pande zote!"

Wakacheka. Kicheko kidogo, cha watu wenye hofu. Mama Ngalula hakucheka. Alichuchumaa karibu yangu mpaka nikasikia pumzi yake.

"Unasema anazaliwa nayo."

"Njo vile."

"Basi ni minye nilimupa. Mu tumbo yangu."

"Mu tumbo yako, mama. Ule mutoto Bibiche alikuwa hata hajazaliwa."

Alikaa. Chini ya kiganja changu nilianza kusikia joto, joto la maji, na nilijua ni nini, na sikutaka kumwambia mtu. Mwamba alisema kitu bila sauti. Mama yake akainama, akamsikia, mimi sikumsikia. Akainuka.

"Mumubebe," akasema.

Pasta ndiye aliyeshika kichwa. "Mumubebe," na yeye akasema, "maombi inaweza kupanda mu gari."

Waliomba mpaka hospitalini, nyuma ya gari la mizigo lilelile walilomleta nalo, na mimi katikati nimebonyeza paja kwa mikono miwili. Damu ilipita kati ya vidole vyangu, kidogo, kila shimo kidogo. Bibiche alishika mguu usicheze. Mama Ngalula alishika upande wa pili wa mguu uleule. Hawakuangaliana.

Dokta alikuwa anatungoja kwenye beseni. Akaanza kunawa, tena vilevile, kiwiko, kidole, kucha, na kwa mara ya kwanza niliwaelewa wale watu wa mlangoni. Nilitaka kumpiga.

Halafu akafungua. Akavilowesha vitambaa maji, akavitoa kimoja kimoja, akingoja baada ya kila kimoja. Hakuvuma. Hatukupumua. Alipotoa cha mwisho, ile nyama ya tano ikaonekana wazi, nyembamba, imelala kati ya jirani zake kama mkanda uliosahauliwa kitandani, na ule uzi mweupe juu yake mzima. Damu ikaanza kupanda. Lakini sasa aliona inatoka wapi. "Pensi," akasema, lile koleo la kubania. Nikampa. "Uzi." Nikampa. Akafunga. Akangoja. Nikaangalia pale mahali mpaka macho yakaniuma, nikingoja pageuke pekundu.

Pakabaki vilevile.

Mwamba anatembea. Goti halikunji lote, na fimbo anayo, na shimoni haendi tena. Anageuza michopo kwenye moto, Bibiche anauza. Mama Ngalula anawatembelea Jumapili baada ya ibada. Anakula fufu, anakula majani ya muhogo, nyama haigusi. Anasema ni meno.

Juzi walikuja nyumbani kwangu, mtu na mke wake, wakakaa, wakanywa maji. Nilimwona Bibiche ameshika tumbo, nikaelewa kabla hajasema. Mwamba alikuwa anapangusa fimbo yake na kidole.

"Mama Kapinga," akasema mwishowe, "kama minye nilipata kwa mama... huyu mutoto, ataipata? Itakuwa mu paja yake?"

Nimepitisha vyombo miaka mingi, lakini jibu la swali hilo sikulijua. Hata Dokta nilimuuliza baadaye, na yeye akasema hajui. Basi niliwaambia vile ilivyo.

"Sijui."

Bibiche akainamisha kichwa. Alikuwa na woga uleule wa kwenye mlango wa chumba cha maombi, niliutambua, na nilijua hautatoka kwa maneno yangu.

"Lakini akizaliwa," nikamwambia, "mama-mukwe yako akimufungua nguo amutazame, muhesabu vidole pamoja. Vidole tu. Mapaja muyaache, mumufunike."